Jumapili Haimo Kwenye Ratiba

Ijumaa saa nane mchana, nyuma ya ghala la tumbaku la Copper Lick, Verlin Sturgill alikuwa amekaa kwenye kigoda akihesabu mishono ya koti la daktari wa meno kutoka Roanoke. Mezani kwake palikuwa na kioo cha kukuzia, rula ya mbao, na penseli aliyoichonga kwa kisu. Daktari alikuwa amesimama ameinua mkono kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, na alikuwa hivyo kwa dakika ishirini.

"Sita," alisema Verlin. "Kwa inchi moja ilitakiwa iwe minane."

"Mke wangu ndiye aliyeshona, Kapteni."

"Basi arudie. Na hizo soksi?"

"Za sufu."

"Sufu ya dukani. Kazibadilishe. Usinirudie hapa na miguu feki."

Daktari aliondoka kwenda kutafuta soksi. Hakuna aliyemhurumia. Kila Oktoba watu mia nane hukusanyika katika bonde letu kuigiza upya mapigano ya mwaka 1864, Kaskazini na Kusini ya Marekani zilipopigana, na katika majimbo manne ya jirani hakuna wanaoigiza kwa usahihi kama sisi. Vifungo vyetu hulowekwa kwenye mkojo wiki mbili ili vifubae inavyotakiwa. Maharage yetu ni ya mbegu ya zamani, na yanatuumiza matumbo kwa namna ya zamani. Mtu mmoja wa Bristol aliwahi kufukuzwa uwanjani kwa sababu ya jino la bandia lililoonekana alipocheka. Bado huja kila mwaka, ila hacheki.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa kijana mweusi, mrefu, asiye na kofia, aliyevaa suruali ya askari wa farasi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kilichokauka damu. Chini ya ubavu wa kushoto alikuwa na tundu la kuingia kidole gumba.

"Jina?" aliuliza Verlin bila kuinua kichwa.

"Anderson Moberly."

"Kikosi?"

"Cha farasi. Watu weusi wa Kentucky, jeshi la Kaskazini."

"Hai au marehemu?"

"Marehemu."

Verlin aliweka alama ya msalaba kwenye daftari lake na kugeuza ukurasa.

Wafu kuja Copper Lick si habari. Maiti ambaye kifo chake hakikusemwa sawasawa ardhi haimshiki. Akilala chini huinuliwa, kama kizibo kwenye ndoo ya maji. Dawa yake inajulikana na kila mtu bondeni: kifo kile kiigizwe mara moja tu, mahali pale pale, saa ile ile, kwa namna ile ile, na watu washuhudie. Mwaka wa mafuriko walikuja ndugu wawili wa Tennessee, wazungu, ambao vitabu viliwaandika kuwa watoro. Kumbe walizama kwenye kivuko wakivusha baruti. Waliwekwa kwenye ratiba bila maneno mengi. Jumamosi saa nne asubuhi walizamishwa, bendi ikipiga, na Verlin mwenyewe alimshika mmoja kichwa hadi mapovu yakaisha. Hawakuinuka tena. Mama yake Verlin alikuwa amewapikia pai mbili za tufaha, nao walikuwa wamemaliza zote mbili. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kuhesabu mishono ni mchezo wa wazee wasio na kazi. Usahihi wetu una watu unaowalaza.

Moberly alikuwa amesikia habari za hao ndugu wawili, kama wafu wanavyosikia mambo. Alikuwa ametembea miaka mia moja na sitini bila kulala hata mara moja. Alitaka kulala. Hakuja na haja nyingine.

Verlin alimwambia avue koti, akalitandaza mezani.

"Mjomba, koti hili ni feki."

"Mimi si mjomba wako," alisema Moberly. "Nina miaka ishirini na miwili."

Verlin alikuwa na sitini na minne, ila huku kwetu wazee wa kizungu humwita mtu mweusi mjomba hata akiwa kijana. "Mishono mitano kwa inchi," aliendelea. "Bitana hakuna. Kifungo cha tatu ni cha mabaharia."

"Ndilo nililopewa na serikali."

"Serikali haikutoa makoti ya hivi. Nina orodha hapa."

"Sisi ilitupatia."

Verlin aliandika *koti, limekataliwa*, akalitupia ndani ya sanduku lililokuwa kando ya meza. Lilikuwa sanduku la nguo za kuchezea, ambazo watoto wa wageni huvalishwa wapigwe picha.

"Haya. Ulikufaje?"

"Jumamosi saa tisa alasiri nilipigwa mguuni. Wakanibeba hadi kwenye hema la matibabu. Usiku ule wenzangu walirudi nyuma, sisi majeruhi tukabaki vitandani. Jumapili saa moja asubuhi akaja mtu wa Kusini na bastola. Alianzia kitanda cha mlangoni. Mimi nilikuwa wa sita."

Verlin alichukua ratiba na kuipitishia kidole. Jumapili saa moja asubuhi palikuwa na chapati za maji na soseji, kwa hisani ya akina mama wa kanisa. Saa tatu, ibada. Saa sita, uchaguzi wa kapteni mpya, kwa sababu Verlin alikuwa anastaafu.

"Jumapili haimo," alisema.

"Mimi nilikuwemo."

"Vita viliisha Jumamosi saa kumi. Ripoti ya jenerali imeandika."

"Jenerali alishaondoka. Sisi ndio tuliobaki."

Moberly aliingiza vidole viwili kwenye lile tundu, akachokora kidogo, akatoa risasi na kuiweka juu ya meza. Verlin aliipangusa kwenye suruali yake, akaipima upana, akapima tena. Lazima tumpe haki yake: kwenye vipimo hakuwahi kumdanganya mtu.

"Hii ni ya bastola," alisema. "Wanajeshi wa kivuko hiki walibeba bunduki ndefu. Risasi peke yake si ushahidi, mtu angeweza kuiokota popote. Niletee bastola iliyoifyatua, na karatasi ya wakati ule yenye jina la aliyeifyatua. Chombo na cheti. Ukiniletea, nitakagua. Vinginevyo utakufa kesho saa tisa pamoja na wengine, na utatumia koti la kuazima."

"Nimeshajaribu kufa Jumamosi," alisema Moberly. "Hainishiki."

"Anayefuata!" aliita Verlin.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya kilima, sajenti wa kikosi cha Kusini alikuwa anagawa mchuzi wa kuku na mahindi kutoka kwenye chungu cha chuma. Jina lake Dewey Kiser, mtu wa miaka thelathini na minane, ambaye siku za kazi husambaza mitungi ya gesi majumbani. Ni mtu mwema, Dewey. Akikuletea mtungi hukufungia mwenyewe na kunusa kama unavuja. Bonde zima lilijua kwamba anautaka ukapteni kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, pamoja na mkewe.

Alimpa Moberly bakuli, kisha la pili, kisha la tatu. Moberly alikula akimtazama.

"Uso wako naujua," alisema.

"Watu husema nimefanana na babu yake babu yangu."

"Masikio hayo. Aliponiinamia jua lilikuwa nyuma yake, masikio yakawaka mekundu."

Dewey aliweka upawa chini. Akakaa kwenye gogo.

Ukutani sebuleni kwao kulikuwa na barua ndani ya fremu, iliyoandikwa na babu huyo, Harmon Kiser, kwa mkewe Jumapili ile ile. *Asubuhi hii nimefanya kazi kwenye hema la majeruhi,* ilisema. *Kumi na mmoja kabla ya kahawa.* Kila Julai ukoo wa Kiser ukikutana, mtu huisoma kwa sauti, na akina mama hufuta machozi kwa jinsi babu alivyokuwa na huruma ya kuwauguza maadui. Lakini bibi yake Dewey, Icy Kiser, siku tatu kabla hajafa alimwambia mjukuu wake avute droo ya chini. Ndani mlikuwa na bastola iliyofungwa kwenye kitambaa cha kufutia vyombo. *Babu yako Harmon hakujua hata kufunga bendeji,* alisema bibi, na hakusema zaidi.

Dewey alimweleza Moberly yote hayo bila kuficha neno.

"Basi chombo unacho," alisema Moberly. "Na cheti unacho."

"Ninavyo."

"Utakuja?"

"Nitakuja."

"Saa moja kamili. Na usilenge kichwa. Yeye hakulenga kichwa. Uniinamie, uweke mdomo wa bastola hapa chini ya ubavu, halafu useme."

"Niseme nini?"

"Alisema, 'Tulia, mjomba.'"

Dewey alitazama mchuzi.

"Jaribu," alisema Moberly.

"Tulia, mjomba."

"Polepole zaidi. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayefunga banda la kuku jioni."

"Tulia, mjomba," alisema Dewey tena, na safari hii ilitoka vizuri kiasi kwamba Moberly aliweka bakuli chini.

Bibi Opal Rasnake, mshonaji wetu, alikuja na koti jipya mkononi. Lilikuwa na mishono minane kwa inchi, bitana ya pamba, vifungo vyote vya askari wa farasi. Alimvalisha Moberly, akamvuta mabega, akarudi hatua mbili kumtazama.

"Limekukaa, mwanangu. Sasa unaonekana mtu wa wakati wako."

"Langu liko wapi, mama?"

"Watoto wanapigia picha, mpenzi. Wanalipenda, usipime! Wanapitisha vidole kwenye lile tundu."

Jumamosi ilikuwa na jua na watazamaji elfu nne. Wanene walikufa mapema, chini ya miti ya kivuli, kama kawaida yao. Wembamba waliachiwa kufa kwenye jua katikati ya uwanja. Moberly alipanda na mstari wa kwanza. Saa tisa kamili alishika mguu wa kulia, akazunguka nusu, akaanguka kifudifudi bila kujikinga kwa mikono. Mwanamke mmoja wa kwenye viti vya mbele alisema hajawahi kuona mtu akianguka hivyo, na alikuwa ameona wengi.

Tatizo lilikuwa nyasi. Hazikumpokea. Alilala juu yake akiwa ameinuliwa kama upana wa viganja viwili, na upepo ulipovuma alisogea kidogo kidogo kuelekea kwenye vibanda vya soda. Dewey, aliyekuwa akiongoza wanajeshi wake karibu naye, alimkanyagia ncha ya koti ili asifike mbali.

Saa kumi tarumbeta ilipigwa. Ndiyo desturi yetu: tarumbeta ikilia, wafu wote huamka, hujifuta vumbi, hukumbatiana na waliowaua, na watazamaji hupiga makofi. Wengine hulia hapo. Moberly naye aliinuka, kwa sababu hakuwahi kulala. Akapewa utepe wa bluu wa Kifo Bora cha mwaka. Verlin mwenyewe ndiye aliyembandikia kifuani.

"Umefanya vizuri, mjomba. Ila unaelea. Ujirekebishe."

Baadaye Verlin alimpitishia Dewey mkono begani wakatembea pamoja kwenye uzio.

"Kesho saa sita nitasimama na kutaja jina," alisema. "Nikitaja jina, arobaini wanaliandika bila kufikiri. Unajua hilo?"

"Najua, Kapteni."

"Nasikia umemwahidi yule kijana kitu."

"Nimemwahidi kuleta bastola na barua. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema, chombo na cheti."

"Nilisema, na neno langu ni neno. Lete. Nitakagua." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, "Jina la Kiser ni jina zuri bondeni hapa. Nimekuwa nikilisikia tangu utoto."

Jumapili saa kumi na mbili na nusu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye kamba za mahema. Moberly aliingia kwenye hema la matibabu, ambalo tulikuwa tumelipanga sawasawa na michoro ya zamani, msumeno juu ya meza na ndoo chini yake. Akahesabu vitanda kutoka mlangoni. Akalala kwenye cha sita, akashika mbao za pembeni kwa mikono yote miwili ili asiinuliwe.

Watu walikusanyika, kwa kuwa habari haifichiki. Bibi Opal alikuwepo. Daktari wa meno alikuwepo, na soksi sahihi. Wengine ishirini hivi tulikuwepo, tumeshika sahani, maana chapati zilikuwa zimeanza kugawiwa na foleni ilipita mlangoni pa hema.

Dewey alikuja. Nalisema wazi, asije mtu akadai kwamba hakuja. Alikuja dakika kumi kabla ya saa moja, amevaa sare yake ya kijivu ya Kusini iliyopigwa pasi, bastola mkono mmoja ndani ya kitambaa cha vyombo, fremu ya barua kwapani. Mkewe alikuwa amelia garini, lakini yeye alikuja.

Verlin aliweka vitu vyote juu ya meza, kando ya msumeno. Alichukua risasi ya Moberly na kuidondosha kwenye mtutu wa bastola. Ilishuka taratibu, ikakaa; akaitoa. Akageuza kitako na kusoma herufi mbili zilizochongwa hapo: H.K. Akatoa barua kwenye fremu, akainusa, akaitazama kwa kioo dhidi ya mwanga wa mlangoni. Alichukua muda wake. Chapati zetu zilipoa.

"Karatasi ni ya wakati ule," alisema. "Wino ni wa wakati ule. Mwandiko ni wa Harmon, nimeuona kwenye daftari la kanisa. Bastola ni yenyewe na risasi ni yenyewe." Alivua miwani yake ya fremu ya waya. "Kila kitu ni sahihi. Katika miaka thelathini na mmoja sijawahi kukagua kitu kilicho sahihi kama hiki."

Moberly alifungua vifungo vya koti. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu aliyeona taa ya nyumbani kwao. Dewey alichukua bastola, akatia baruti bila risasi kama tunavyofanya, akasogea kwenye kitanda cha sita na kuinama. Jua lilikuwa linapenya ukungu nyuma yake. Masikio yake yakawa mekundu.

"Subiri," alisema Verlin.

Dewey alisubiri akiwa ameinama.

"Sisi tunaigiza vita," alisema Verlin. "Hii niliyoikagua hapa si vita. Majeruhi kitandani, asubuhi, vita vimekwisha, mtu mmoja baada ya mwingine. Hiyo ina jina lake, na jina lake halimo kwenye katiba yetu. Watu wanakuja hapa na watoto."

"Ulisema chombo na cheti," alisema Moberly.

"Ndiyo. Navyo ndivyo vilivyothibitisha kwamba hukufa vitani. Kama vingekuwa na kasoro ningeweza kukufikiria."

Verlin alimgeukia Dewey na kumwambia kwa upole, karibu kama baba:

"Mwanangu, mimi sikuzuii mkono. Fyatua ukitaka. Ila jua unachoigiza. Kitaandikwa kwenye ratiba: Harmon Kiser, na mbele yake, Dewey Kiser. Kitasomwa kila mwaka. Kisha njoo saa sita tupige kura."

Ilibaki dakika moja. Tulijua kwa sababu kengele ya kanisa ilikuwa imeanza kukwaruza kama inavyofanya kabla ya kugonga.

"Ni maneno mawili tu," Moberly alimwambia Dewey. "Na kidole kimoja. Umeshajifunza."

"Najua."

"Nimechoka, Dewey."

"Najua, kaka." Dewey alirudisha bastola nyuma kidogo. "Ningependa sana. Mungu anajua ningependa. Lakini kuna utaratibu, na lazima tuufuate, ama sivyo kila mtu atafanya lake."

Kengele iligonga mara saba. Dewey alisimama wima. Aliifunga bastola kwenye kitambaa, kona kwa kona, kama mtu anayekunja leso. Palikuwa na watu ishirini na zaidi ndani ya hema lile, na yeyote kati yetu angeweza kuipokea ile bastola, kwa sababu kifo hakiulizi jina la anayekiigiza. Ulikuwa uoga, na tuliufanya kwa pamoja. Bibi Opal alisema chapati zinapoa, na sote tukashukuru kwamba kuna mtu amepata la kusema.

Moberly aliachia mbao za kitanda. Kitanda kikamwachia.

Saa sita Dewey alichaguliwa kapteni kwa kura zote isipokuwa moja, na hiyo moja iliharibika kwa sababu ilipigwa kwa kalamu ya kisasa. Barua ilirudi ukutani. Julai iliyofuata ilisomwa kama kawaida, na shangazi mmoja alilia hadi akaletewa maji.

Oktoba iliyofuata Moberly alirudi, na hakurudi peke yake. Alikuja na wenzake arobaini na sita, maana Harmon hakuwa peke yake asubuhi ile. Walipanga foleni mbele ya meza ya ukaguzi Ijumaa saa nane, na foleni ilizunguka ghala la tumbaku. Wengine walikuwa na matundu kifuani, wengine hawakuwa na sehemu ya kichwa, na mmoja alikuwa amembeba mgongoni mwenzake asiye na miguu, wakibishana njia nzima kuhusu nani alikuwa kitanda cha tisa. Makoti yao yote yalikuwa na mishono mitano kwa inchi. Verlin, aliyekuwa amekuja kusaidia ingawa alishastaafu, aliyatazama yote kwa kioo na kutikisa kichwa. Alisema ni ajabu jinsi kosa moja linavyoweza kuenea.

Kapteni Dewey Kiser aliwapokea vizuri sana. Alimpa kila mmoja mkono. Kwa muda mrefu upande wa Kaskazini ulikuwa shida yetu kubwa: kijana wa hapa hakubali kuvaa bluu, na kila mwaka tulilazimika kuwapigia watu magoti, na bado mstari ulikuwa na mapengo yaliyoaibisha mbele ya wageni. Sasa mstari ulijaa. Wahenga hawakukosea waliposema kufa kufaana. Bibi Opal, akisaidiwa na akina mama wa kanisa, alishona makoti arobaini na sita kwa usiku mmoja, vidole vikavimba, na alisema ni kazi aliyoifanya kwa upendo.

Jumamosi walianguka kwa pamoja saa tisa, watu arobaini na saba. Watu walikuja kutoka majimbo matatu kuona. Kapteni alikuwa ameagiza kamba nyembamba na vigingi, rangi ya nyasi, ili upepo usiwasogeze. Ulikuwa ubunifu mzuri na Verlin aliuruhusu, kwa kuwa kamba za aina hiyo zilikuwepo mwaka 1864. Tarumbeta ilipolia walifunguliwa, wakainuka, wakapigiwa makofi kwa dakika nne. Utepe wa bluu ulikatwa vipande arobaini na saba.

Jumapili alfajiri waliingia kwenye hema la matibabu na kulala. Vitanda vilikuwa ishirini. Waliobaki walijaribu kulala kwenye nyasi za nje, wakishikana mikono ili wasitawanyike. Foleni ya chapati ilipita kando yao. Watu waliinua sahani wasiwamwagie asali. Kengele ilipogonga saa moja, Moberly, aliyekuwa kwenye kitanda cha sita, alimwona Kapteni Dewey akipita mlangoni na kikombe cha kahawa, akamwita.

"Mwaka huu?"

Dewey alisimama. Alikuwa na haraka lakini alisimama. Ni mtu mwema.

"Tumeliweka kwenye kikao, kaka. Limejadiliwa. Limeonekana lina uzito, kwa hiyo limesogezwa kikao kijacho."

"Kijacho lini?"

"Tutatangaziana."

Kisha akawatazama wote, ndani na nje, watu arobaini na saba wakielea kiganja kimoja juu ya vitanda na nyasi, na akasema kwa kuwa mna mikono mingi na asubuhi hii hamna ratiba, mngetusaidia sana kukunja viti vya wageni, vipo elfu nne. Wakainuka. Moberly alivua koti la Bibi Opal, akalitundika vizuri kwenye msumari ili lisichafuke, na akaanza na safu ya mbele.